Pingamizi la Mama Pindo

Alama ya X ilichorwa asubuhi, Mama Pindo akiwa ndani anampima mteja kiuno. Alisikia brashi ikikwaruza ukuta kwa nje, akadhani ni mbuzi wa jirani anajikuna. Alipotoka, pini bado ziko mdomoni, rangi nyekundu ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye mguu mmoja wa ile X hadi kwenye kizingiti cha dirisha.

Alizitema pini kiganjani. "Kuna nini hapa?"

"Alama tu, mama," alisema mpima ardhi, kijana mwenye kofia ya plastiki na viatu vipya. "Hatubomoi leo."

"Alama ya nini?"

"Ya barabara. Njia hii ina mita sita. Viwanja vipya vya huko nyuma vinahitaji mita tisa. Tumepungukiwa tatu."

"Na hizo tatu mmeziona kwangu."

"Upande ule kuna ghorofa, mama. Huku ni rahisi zaidi."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekushauri uanue nguo kwa sababu mvua inakuja. Mteja naye akachungulia mlangoni, kitambaa kimemning'inia upande mmoja na pini zinamchoma, akautazama ukuta, akasema, "Pole sana, Mama Pindo." Kisha akauliza kama gauni lake bado litakuwa tayari Jumamosi.

Chumba chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kimeegemea ubavu wa nyumba, mlango ukiangalia njia, na ndani yake mlikuwa na vyerehani viwili, pasi ya umeme, na meza ya kukatia iliyoundwa humohumo ndani na fundi seremala ambaye hakufikiria kwamba iko siku itabidi itoke. Meza ilikuwa pana kuliko mlango. Hapo ndipo zilipokatwa sare za shule tatu. Hapo ndipo ilipopatikana ada ya binti yake, na bati la nyumba, na dawa za presha za mumewe. Mumewe alikuwa amestaafu kwa pensheni ambayo watu wa benki walikuwa wakimhesabia kwa haraka, kana kwamba wanaona haya kwa niaba yake.

Mumewe huyo aliitwa Mzee Hatua. Miaka thelathini na moja alikuwa mshika kamba wa wapima ardhi: wao walitazama kwenye darubini, yeye akatembea na kamba porini, akachomeka fimbo, akachimbia mawe ya mpaka. Alipostaafu, mtaa ulimgeuza hakimu. Majirani wakigombana kuhusu ua, hawakwenda ofisini. Walimwita Mzee Hatua, akatembea mara mbili huku na huko mikono nyuma, akasimama, akasema, "Mpaka ni hapa," na ugomvi ukaisha. Hajawahi kumpendelea mtu. Aliwahi kumnyima shemeji yake mwenyewe futi mbili, na shemeji yake hakumsalimia mwaka mzima.

Kwa hiyo Mama Pindo alipoiona ile X, hakulia. Alimwita mumewe aje aitazame, akitarajia atembee mara mbili na kusema neno. Mzee Hatua alikuja, akaitazama, akagusa rangi kwa kidole kuona kama imekauka.

"Nitakujengea kingine," alisema. "Huku nyuma, karibu na choo."

"Wateja wapite wapi? Waruke ukuta?"

"Tutaona," alisema, na akarudi kukaa.

*

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme. Lilisema kuna pendekezo la kugawa shamba la nyuma kuwa viwanja themanini na vinne vya makazi, kwamba njia ya kuingilia itakuwa hii, na kwamba mwenye pingamizi alilete ofisi ya mji ndani ya siku ishirini na moja. Herufi zilikuwa ndogo na nguzo ilikuwa ndefu. Aliyebandika alikuwa ametumia ngazi.

Mama Pindo alifunga chumba, akavaa nguo yake ya mazishi na harusi, akaenda na barua aliyoiandika usiku. Alikaa kwenye benchi lisilo na egemeo kuanzia saa tatu hadi saa saba. Waliomkuta waliingia, wakatoka, wengine wakiwa wanachekeshana na waliomo. Ofisa mipango alipita mara mbili. Mara ya pili alimwuliza karani, akimwonyesha kwa kidevu, "Huyu ndiye mama wa kibanda?"

"Si kibanda," Mama Pindo alisema. "Ni chumba. Kina msingi."

Ofisa alitabasamu, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango.

Karani aliisoma barua yake mpaka mwisho, jambo ambalo si haba, kisha akairudisha. "Haya ni malalamiko, mama. Umeandika unateseka, una wajukuu, chumba ndiyo maisha yako. Kamati haipokei mateso. Pingamizi lazima liwe na mbadala. Kama barabara haipiti kwako, useme ipite wapi. Tena nakala tano."

"Mimi nitajuaje ipite wapi? Mimi nashona."

Karani aliinua mabega, akamwita aliyefuata.

Aliyemwokoa alikuwa mtunza ramani, mtu mzima mwenye kikohozi cha vumbi, ambaye alikuwa akila mkate kwenye meza ya pembeni. Alimsubiri afike kwenye korido, akamfuata. "Dada, omba ramani ya kwanza," alimwambia kwa sauti ya chini. "Lile shamba lilipopimwa mara ya kwanza liliwekewa hifadhi ya barabara. Hakuna shamba kubwa vile linalopimwa bila kutengewa njia. Wenye mradi hawaitaki kwa sababu huku kwako ni karibu na lami. Andika kwamba unataka ramani ya kwanza isomwe mbele ya kamati. Ukishaandika, hawawezi kukataa."

"Hiyo barabara ilipita wapi?"

"Sikumbuki. Ni zamani. Aliyekuwepo ndiye anayejua."

Mama Pindo alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Mume wangu ndiye aliyeshika kamba."

"Basi shahidi unalala naye kitanda kimoja," alisema mtunza ramani, "halafu unakuja kukaa kwenye benchi letu."

*

Alirudi nyumbani akitembea kama msichana. Alimkuta Mzee Hatua uani akikata kucha za miguu, akamweleza yote bila hata kukaa. Alipofika kwenye ramani ya kwanza, mkasi ulisimama.

"Nani kakwambia habari hizo?"

"Mtu wa ramani. Ni kweli au si kweli?"

"Ramani za zamani zina mambo ya zamani."

"Mume wangu, nimekuuliza kitu kidogo. Ilikuwepo barabara au haikuwepo?"

Mzee Hatua aliifuta miguu yake polepole, mmoja baada ya mwingine. "Usiiombe hiyo ramani," alisema. "Nakuomba. Chumba nitakujengea. Nitauza baiskeli, nitakopa kwenye chama."

"Umepewa nini na wenye viwanja?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Miaka thelathini na sita ya ndoa hajawahi kumwambia neno kama hilo. Mzee Hatua alimtazama, na Mama Pindo akangoja afoke, kwa sababu mtu asiye na kosa angefoka. Hakufoka. Akaokota mkasi, akaingia ndani. Mama Pindo alibaki uani na hasira yake, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana aliolewa na mtu mmoja na sasa alikuwa anamwona mwingine.

Alikata shauri kwenda peke yake. Kesho yake alivuka shamba hadi kwa binti yake, aliyekaa ng'ambo, upande wa mtaro mkubwa. Binti aliuza kwenye duka la dawa na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Ndoa ilipomshinda alirudi na watoto wawili na godoro, na baba yake akamwonyesha kipande cha ardhi pembeni mwa shamba. Mzee Hatua alisema alikipata kwa mwenye shamba wa zamani, kama shukrani kwa kazi. "Jenga hapa," alimwambia. "Hapa hakuna atakayekusumbua." Binti akajenga, tofali hili mwezi huu, lile mwezi ule, kwa miaka mitatu. Sasa alikuwa na vyumba viwili, jiko, na tangu mwaka jana dari, ambayo kila mgeni aliombwa aitazame.

Waliandika kwenye meza ya jiko lake. Mama alisema, binti alipanga maneno.

"Tuseme hivi, mama: 'Naomba ramani ya kwanza isomwe hadharani, na barabara ipite pale ilipotengwa tangu awali.' Hapo watabanwa."

"Andika na kwamba haki haina mkubwa wala mdogo."

"Hilo ni la kwenye mahubiri, mama. Hapa tuandike sheria."

Walicheka. Binti aliandika nakala tano kwa mkono, akikataa mashine ya kopi kwa sababu kopi, alisema, zinaonekana kama za mtu mvivu. Mjukuu mdogo alipaka uji kwenye ya nne, wakaiandika upya.

"Baba anasemaje?" binti aliuliza.

"Baba yako kazeeka ghafla," Mama Pindo alisema. "Mwache."

*

Kamati ilikaa ukumbini siku ya Jumatano, saa nne. Watu watano mbele, viti vya plastiki kwa wengine, na ramani ya mradi imebanwa ukutani kwa vibanio vya nguo. Mtaa ulikuja mzima. Wengine walikuja kwa sababu ya njia, wengine kwa sababu ya Mama Pindo, wengine kwa sababu ilisemekana kutakuwa na soda. Mwenye duka wa ghorofani, ambaye X ilimkwepa, alikaa mstari wa mbele na kumpungia Mama Pindo mkono kwa huruma kubwa. Mzee Hatua alikuja bila kuambiwa, akakaa nyuma kabisa. Binti alikaa katikati na mtoto mapajani.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo aliyezoea kunyamazisha watu kwa kuvua miwani. Alisoma pingamizi lote kwa sauti. Lilisikika vizuri. Watu wengine waligeuka kumtazama Mama Pindo kama vile hawakujua kwamba mtu wanayempelekea suruali zilizopasuka ana maneno mazito hivyo.

"Ramani imeombwa, na ramani imeletwa," alisema mwenyekiti.

Mtunza ramani aliingia na bomba la karatasi, akalikunjua mezani, akaweka gilasi nne za maji kwenye pembe. Ofisa mipango aliinama juu yake na uso wa mtu aliyelazimishwa kula dawa. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Hifadhi ya barabara ipo. Mita kumi na mbili, kutoka jiwe namba kumi na nne hadi namba kumi na tano."

Ukumbi ulivuma. Mwenye viwanja, bwana mwembamba aliyekuwa kimya kona ya mbele, aliacha kuandika ujumbe kwenye simu yake.

"Sheria inasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Sheria iko wazi. Kama hifadhi ipo, barabara inapita hapo. Na kama kuna mtu amejenga juu yake, anabomoa mwenyewe ndani ya siku thelathini. Hakuna fidia."

Mama Pindo alisimama. Moyo wake ulikuwa umejaa mpaka juu, na benchi lile la saa tatu hadi saa saba lilikuwa bado linamuuma mgongoni. "Na abomoe," alisema. "Aliyejenga barabarani alijua anafanya nini. Mimi nimejenga kwangu."

Watu walipiga makofi. Binti yake alipiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka mtoto akashtuka.

"Tatizo ni hili," alisema mpima ardhi kijana, akisimama na ile kofia yake mkononi. "Hayo mawe mawili tuliyatafuta, hatukuyaona. Bila mawe, hii ramani haituambii barabara iko wapi hasa. Tukipima upya kutoka mbali itachukua miezi."

Mwenyekiti alivua miwani. "Hapa ukumbini hakuna aliyekuwepo wakati shamba linapimwa?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Vichwa viligeuka vyote pamoja kwenda nyuma. Mtu mmoja akasema, "Mzee Hatua," na mwingine akasema, "Huyo hadanganyi hata kwa bunduki." Mzee Hatua alisimama. Alikuwa amevaa shati ambalo mkewe alimshonea kwa ajili ya kuagwa kazini, na kola ilikuwa imemlegea shingoni.

"Mzee wangu," alisema mwenyekiti, "wewe ndiye uliyechimbia haya mawe?"

"Ndiyo."

"Jiwe namba kumi na nne liko wapi?"

Mama Pindo alikuwa bado amesimama. Aligeuka kumtazama mumewe kwa ushindi, na kidogo kwa kisasi, akitaka amwone akilazimishwa kusema mbele ya watu kile alichomnyima uani. Mzee Hatua hakuwa akiitazama ramani, wala mwenyekiti. Alikuwa akimtazama binti yao. Binti alikuwa akimtabasamia baba yake, akimtikisia kichwa kumpa moyo, sema tu, baba, sema.

Mtu aliyeishi na mtu mwingine miaka thelathini na sita haelezwi kitu mara mbili. Jenga hapa, hapa hakuna atakayekusumbua. Mwenye shamba wa zamani hakuwahi kumshukuru mtu yeyote kwa chochote. Mama Pindo alilijua hilo siku zote, ila hakuwa na sababu ya kulifikiria.

Mzee Hatua alifungua mdomo.

"Naondoa," Mama Pindo alisema.

Mwenyekiti alimgeukia. "Unaondoa nini, mama?"

"Pingamizi. Naliondoa. Barabara ipite kwangu."

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti aligonga meza mpaka gilasi moja ikalala na maji yakatapakaa juu ya ramani, mtunza ramani akaruka kuyafuta kwa mkono wa shati lake. "Mama, hili umelileta wewe mwenyewe. Nakala tano. Tumetafuta ramani wiki mbili."

"Nimelileta mimi, na ninaliondoa mimi. Je, sheria inakataa?"

Ofisa mipango alisema haraka kwamba sheria haikatai hata kidogo. Bila pingamizi, alisema, kamati haina haja ya kuendelea na ramani ya kwanza. Alikuwa ameshaanza kuikunja.

"Mzee anaweza kukaa," alisema mwenyekiti, akiwa bado anamtazama Mama Pindo kwa macho yaliyokuwa yakitafuta kitu. Alikuwa mwanamke mwerevu. Lakini alikuwa na maombi mengine matatu siku hiyo, na hatimaye alivaa miwani. Karani alileta karatasi. Mama Pindo alitakiwa kusaini mahali palipoandikwa kwamba ameondoa pingamizi kwa hiari yake, bila kulazimishwa wala kuahidiwa chochote, na karani alilisoma neno "kuahidiwa" kwa sauti ya juu kidogo kuliko mengine. Nyuma yake mtu alicheka. Mwingine akasema, si kwa kunong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako. Bahasha imefika." Alisaini. Mkono wake ulikuwa thabiti kwa sababu alikuwa na mazoezi ya kushona vifungo huku wateja wakimsemesha.

*

Walirudi kwa miguu, yeye mbele, mumewe hatua kadhaa nyuma. Mwenye duka aliyempungia mkono asubuhi alikuwa mlangoni kwake na hakumpungia tena. Walipofika kwenye njia, Mzee Hatua alimfikia.

"Ulijuaje?"

"Nilikutazama."

"Mawe yote mawili niliyang'oa mwenyewe. Nilifikiri ile barabara haitajengwa kamwe. Miaka yote ile, nani alikuwa na haja nayo? Na mtoto alikuwa analala sakafuni kwetu na wanawe."

"Ungeniambia uani, siku ile."

"Nilishindwa. Kila mtu ananiita kupima mipaka, halafu mimi..." Hakumaliza. Alikuwa analia, mzee wa miaka sitini na nane, njiani, mchana kweupe. Mama Pindo alimwonea huruma, na pia alitamani kumpiga, na mambo hayo mawili hayakuzuiana. Alimpa kitambaa.

"Yeye asijue," alisema. "Akijua hataweza kulala mle ndani. Unanisikia?"

Alifungua chumba, akaanza kukusanya vitambaa. Saa tisa walikuja wanawake wawili kuchukua sare ambazo hazijakamilika. Walisema wamepata fundi mwingine aliye karibu. Hawakusema karibu na wapi.

Binti alikuja saa kumi, mtoto mgongoni, bado amevaa koti la duka la dawa. Hakusalimia. Alisimama kati ya vyerehani viwili.

"Mama, kazini wananiambia umepewa pesa. Nimewakatalia. Nimegombana na mtu kwa ajili yako. Sasa niambie mwenyewe, kwa nini uliondoa?"

"Nimechoka, mwanangu. Kesi zinachosha."

"Umechoka? Niliandika nakala tano kwa mkono. Nilipiga makofi kama mjinga mbele za watu." Akalisukuma rundo la vitambaa pembeni. "Kama walikupa, sema. Mimi si mtu baki. Nitaelewa shida."

Mama Pindo alimtazama mumewe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Alikuwa amemwambia asiseme, lakini sasa, akimwona mtoto wao anavyomtazama, alijikuta anamngoja. Neno lolote lingetosha. Hata uongo, ila uwe wake yeye. Mzee Hatua aliinamisha kichwa na kuendelea kukitazama kile kitambaa mapajani.

"Walinipa," Mama Pindo alisema.

"Kiasi gani?"

"Cha kutosha."

Binti alikiangalia chumba, meza isiyoweza kupita mlangoni, ukuta wenye alama kwa nje.

"Mimi nisingekubali," alisema. "Nyumba yangu mimi, hata wangenipa nini, nisingekubali iguswe."

"Najua," mama yake alisema.

Binti akamkaza mtoto mgongoni, akatoka bila kuaga, akalivuka shamba kwenda kwake.